Mbao Kavu Kuliko Zote

Nyumba ya baba mdogo ipo Tegeta, ndani kidogo kutoka barabara ya Bagamoyo, pale ambapo kila mtu anajenga na hakuna aliyemaliza. Ya kwake ilikuwa imemalizika, na alitaka watu walijue hilo. Mie na babu tulikaa uani, kwenye kijumba cha vyumba viwili kilichojengwa kwa ajili ya mlinzi. Mlinzi hakupatikana, tukapatikana sisi. Sikulalamika. Mie nikiwa na dirisha na shuka safi nishafurahi, na kichwani nilikuwa na nyumba yangu mwenyewe niliyokuwa naijenga tangu kidato cha nne kinishinde: mapazia nimeshaweka, rangi ya jiko nimeshachagua, kilibaki kiwanja tu.

Baba mdogo ni mdogo wake marehemu baba yangu, na babu ndiye baba yao. Baba mdogo na mkewe walikaa miaka mingi nchi ya baridi huko Ulaya, wakarudi na kontena. Ndani ya kontena mlikuwa na mashine ya kuoshea vyombo, ambayo siku hizi ni kabati la vikombe, viatu vya theluji, na mabunda ya wavu wenye nyaya. Wavu huo ndio uliotuletea mambo. Kule walikokuwa unatandazwa juu ya zege, unamwagiwa saruji laini, juu yake zinapangwa mbao. Ukiwasha umeme, sakafu inapata joto.

Fundi wa mbao, Mzaramo mmoja wa Mbagala mwenye mwanya na kicheko kikubwa, aliposikia hivyo alikaa chini kabisa.

"Bosi, joto? Hapa Dar? Sie si ndilo tunalolikimbia?"

"Kiyoyozi kinawaka kutwa nzima," mama mdogo akamweleza, taratibu, kama anayemsomesha mtoto. "Marumaru inakuwa barafu. Miguu yangu haiwezi."

"Si mzime kiyoyozi, mama?"

"Fundi," baba mdogo akasema, "umeitwa kufanya kazi au kushauri?"

Fundi akacheka peke yake. Mie, kusema ukweli, nililipenda wazo lile. Nililiona jipya na zuri. Usiku ule ule nikaiongezea nyumba yangu ya kichwani sakafu ya joto, ingawa sikujua nitaiwasha lini.

Tabu ikawa mbao. Fundi alieleza, na hapo hakuwa na mzaha: sakafu ya namna hiyo haitaki mbao yenye maji. Joto linapanda kutoka chini, linaifyonza, mbao inajikunja, mianya inafunguka, wiki chache tu unaweza kupitisha kidole. Tena isiwe nene, maana ubao mnene unazuia joto lisifike juu. Baba mdogo alikuwa na kipima unyevu chake, kidude cha mkononi chenye pini mbili, alikitoa kontenani. Tulizunguka nacho. Keko, Buguruni, hadi kwa jamaa mmoja Ubungo aliyeapa kwamba mninga wake umekauka tangu enzi za baba yake. Baba mdogo anachoma pini, namba inapanda, anamgeuzia muuzaji aisome mwenyewe. Muuzaji wa Ubungo akasema mashine ni mbovu. Baba mdogo akamchoma muuzaji mwenyewe mkononi na zile pini, kidogo tu, akasoma namba.

"Wewe ndiye mkavu kuliko mbao zako," akamwambia. Watu wakacheka. Yule muuzaji akaufuta mkono wake kwenye shati.

Fundi akasema basi tununue, tuzipange kivulini zikauke miezi kadhaa. Baba mdogo hakutaka. Mama mdogo alikuwa ameshawaalika wenzake wa jumuiya ya kanisani na marafiki waliorudi kutoka kule kule kwenye baridi, na alikuwa ameshawaambia kuhusu sakafu.

Sasa nimseme babu na mbao zake.

Babu ni Mnyamwezi wa Tabora. Ujanani alikuwa mpasuaji mbao wa msumeno wa mikono, wa watu wawili, mmoja juu mmoja shimoni. Akiwa bado na nguvu aliangusha mninga mmoja, akaupasua mbao nene pana, akasema huu hauuzwi. Ni wa majeneza mawili, lake na la bibi. Akazipandisha zote juu ya dari la jiko la bibi, zikakaa hapo juu ya moshi wa mafiga miaka na miaka, mpaka upande mmoja ukawa mweusi ung'ao. Bibi alipofariki zikashushwa nusu. Alizikwa ndani yake, na babu ndiye aliyepiga randa. Nusu iliyobaki ni yake. Akisema "tutalala kwenye mti mmoja" anasema kwa raha, kama mtu mwenye tiketi yake mfukoni. Baba mdogo alipotaka kumleta Dar, babu alikubali kwa sharti moja tu, mbao zije naye. Zilikuja juu ya lori la mchele, na hapo uani zilisimamishwa ukutani pembeni ya kitanda chake. Chumba chake chote kilinukia moshi wa bibi. Mie nilikuwaga nikimpelekea chai asubuhi nasimama mlangoni kwanza, navuta ile harufu, ndiyo naingia.

Fundi na babu walielewana siku ya kwanza tu. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara ya miguu ya kushuka pwani, na watani hawaamkiani kwa shikamoo. Fundi aliingia uani akamkuta babu amekaa kwenye kigoda, akamwambia:

"We mpagazi, mzigo umeutua wapi?"

Babu akaitika pale pale, "Nimeutua kwa mama yako, akanipa nazi."

Ikawa hivyo kila siku. Fundi akifika anamtukana babu, babu anamtukana fundi, wanacheka hadi babu anakohoa. Mie kwa babu ni mjukuu, kwa hiyo nami ni mtani wa aina yangu, ananiita mke wangu. Fundi akamwambia, "Ukifa huyu mke wako naoa mie, na mbao hizi natengenezea kitanda." Babu akajibu, "Kitakuvunjikia mgongoni." Siku zile uani ndiko kulikokuwa na furaha kuliko nyumba kubwa yote.

Asubuhi moja baba mdogo akaja uani. Haikuwa kawaida yake. Alisimama chumbani kwa babu, akatoa kipima unyevu, akachoma pini kwenye ubao wa kwanza. Akachoma wa pili. Akachoma wote.

"Unazipima homa?" babu akauliza.

"Zina afya, mzee," baba mdogo akasema, na akatabasamu. Nilifurahi kumwona anatabasamu akiwa na baba yake. Nikaona labda undugu unarudi.

Sheria ya utani ni moja na kila mtu anaijua: mtani akikuchukulia kitu, hugombi. Ukigomba umejiaibisha mwenyewe. Unacheka, unamwachia, halafu siku yako unakwenda kukikomboa kwa kitu kidogo, naye anakurudishia. Baba mdogo alikulia kwenye sheria hiyo. Ulaya haikumsahaulisha.

Siku iliyofuata fundi alikuja na vijana wake na kirikuu, kigari cha mizigo. Akaingia chumbani kwa babu kwa kelele.

"Mpagazi! Leo nakuchukulia jeneza. Utazikwa na mkeka, tena mkeka wa kuazima!"

Babu akacheka mpaka akashika ukuta. "Chukua, mwizi we! Wazaramo lini mkaacha kuiba?"

"Nachukua kweli."

"Chukua. Na huo mkeka uniletee, nautaka wa rangi."

"Ukizitaka, zikomboe kwa jogoo mwekundu."

"Jogoo utampata. Na mifupa utakula wewe."

Vijana wakazibeba. Babu alisimama mlangoni akiwaelekeza wasizigonge kwenye fremu, "pole pole, huyo ni mimi mnanibeba," na fundi akawa anaimba wimbo wa msiba kwa sauti ya kejeli, wakawa wanatembea kama wamebeba maiti kweli. Nilicheka na mie. Mama mdogo alikuwa dirishani jikoni, anatazama, ameshika kikombe chake. Yeye hakucheka wala hakushangaa.

Kirikuu kikaondoka kwenda Temeke, kwenye karakana yenye mashine.

Baadaye zilikuja mbao nyingine, nyembamba, zimefungwa nailoni, zina ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili ili zishikane. Nilizipokea mie mwenyewe getini. Zilikuwa laini, za rangi ya asali iliyokolea, na sikuziona kama ni kitu ninachokijua. Wavu ulikuwa umeshatandazwa mbele ya kochi kubwa, saruji imeshamwagwa na kukauka. Fundi na vijana wake walipaka gundi, wakapanga ubao mmoja mmoja, wakigonga taratibu kwa nyundo ya mpira. Kazi nzuri, siwezi kuinyima haki. Zilitosha sehemu ile ya kochi na televisheni tu, sebule iliyobaki ikabaki marumaru. Ukutani wakafunga kiswichi cha kupandisha na kushusha joto.

Babu muda wote huo alikuwa anapanga kikombozi chake. Alinituma sokoni, akanikataza kuku wa rangi mchanganyiko. Nilirudi na jogoo mwekundu mwenye hasira, babu akamfunga miguu kwa kamba, akamwogesha. Akavaa shati lake la kanisani. Alijua siku ile fundi amekuja kumalizia ukingo, maana alimsikia akicheka ndani.

"Twende, mke wangu. Tukachukue nyumba yangu."

Tukaingia sebuleni. Babu hakuwa na kawaida ya kuingia huko. Mama mdogo alimwambiaga mara moja kwamba miguu yake inaacha alama, basi akaacha. Ndani kiyoyozi kilikuwa kinapuliza, baba mdogo na mkewe wamekaa kwenye kochi miguu chini, wanaijaribu sakafu. Fundi amepiga magoti pembeni. Na mama mdogo anasema, "Lakini mbona panakuja harufu kama ya moshi?"

Nikaivuta na mie. Joto lilikuwa limeitoa kwenye mbao. Ilikuwa jiko la bibi, Tabora, mafiga na majivu na mahindi ya kuchoma, imejaa sebuleni kwa watu wasioijua.

Babu alikuwa ameshaanza mzaha wake. "Mzaramo! Jogoo wako huyu hapa, lete—" Pua yake iliwahi kabla ya macho. Akatazama chini. Pembeni ya ukuta kulikuwa na mbao ambazo mashine haikuumaliza weusi wake, ule weusi ung'ao. Akainama, akapitisha kidole. Jogoo alikuwa bado mkononi mwake kichwa chini.

"Mtani," akasema, "mbao zangu ziko wapi?"

Fundi alimtazama baba mdogo. Nilimwona anavyomtazama. Mwanya wake ulikuwa bado wazi lakini kicheko hakikuwemo.

"Bosi, si ulisema mzee mmeshaongea? Ulisema anajua. Ukaniambia nikazichukue kwa utani wetu ili afurahi."

"Amefurahi," baba mdogo akasema. "Si ulimwona? Mwenyewe alisema chukua. Wote tulisikia."

"Nilimwambia mtani wangu," babu akasema.

"Mzee, ulisema chukua. Mtu mzima akisema kitu kimesemwa."

"Nirudishie, mwanangu."

Baba mdogo akaguna, akaonyesha sakafu kwa kidole gumba cha mguu. "Zimepasuliwa, hazizidi unene wa kidole. Zimepigwa gundi. Unataka nikurudishie nini, vijiti vya mishikaki?"

Mama mdogo akacheka. Kidogo tu, kwa puani.

"Mama yako amelala kwenye mti huu," babu akasema.

"Mama hajui kalalia nini. Na wewe hutajua. Maiti haijui, mzee. Sie tulio hai ndio tunaosikia baridi. Ukifika wakati wako nitakununulia jeneza zuri, lenye vioo na vishikio vya dhahabu, watu washangae. Hizi zilikuwa mbao zenye masizi."

Jogoo akajisaidia. Juu ya mninga mpya, mbele ya kochi. Mama mdogo akapiga kelele, akanyanyua miguu. "Toeni huo uchafu! Umtoe na huyo jogoo!" Na aliposema huyo, mkono wake ulionyesha babu na jogoo kwa pamoja.

Nikakimbilia kitambaa. Nilipopiga magoti kufuta niliisikia ile sakafu kwenye viganja vyangu, vuguvugu kama shavu la mtu. Nikalia hapo hapo, chini, na baba mdogo akasema, "Huyu naye."

Babu alimpa fundi jogoo. Akamkabidhi kwa mikono miwili, kwa adabu, kama mgeni anavyopewa zawadi.

"Chukua, fundi. Asante kwa kazi."

Hakumwita mtani. Hakumtukana. Fundi alisimama na jogoo kifuani.

"Nitukane basi, mzee. Nitukane."

"Kazi nzuri, fundi. Umeipanga vizuri."

"Mpagazi we, nitukane!"

"Karibu tena."

Fundi akainamisha kichwa. "Shikamoo, mzee," akasema, kwa mara ya kwanza tangu wajuane.

"Marahaba," babu akajibu, akatoka.

Nilidhani ataugua. Hakuugua. Alikaa kitandani akitazama ukuta pale mbao zilipokuwa zimeegemea, ambapo rangi ya chokaa ilikuwa nyeupe zaidi. Chumba kikaanza kunuka chumba tu. Nikampikia uji wa ulezi, nikamtania, nikamwambia mume wangu kula. Aliniita mjukuu wangu. Niliingia kwangu nikajifunika shuka mchana kweupe.

Ndipo wageni wakaja, wale waliorudi kutoka kwenye baridi. Babu alioga, akavaa shati la kanisani, akaingia sebuleni bila kubisha hodi. Mama mdogo alikuwa katikati ya maelezo, kwa sauti nyororo: mninga huu, joto hili. Hakuweza kumfukuza mbele za watu. Babu akaketi sakafuni, juu ya mbao, akanyoosha miguu.

"Karibuni," akawaambia wageni, mchangamfu kabisa. "Kanyageni, msiogope. Hili ni jeneza langu."

Wakacheka.

"Kweli. Wewe baba upo kifuani kwangu. Mama mwenye gauni la bluu, hapo ulipo ni magotini. Huyu mwanangu amekaa kichwani. Ameona baridi, nimemwazima."

Kicheko kikapungua. Mmoja akamtazama baba mdogo, naye baba mdogo akasema mzee ana utani sana, ndivyo walivyo Wanyamwezi. Lakini mama mwenye gauni la bluu alikuwa ameshasogeza miguu yake kwenye marumaru. Babu akawaeleza yote, mti, msumeno, bibi, dari la jiko. Hakunung'unika hata mara moja. Alisimulia kama mwenyeji anayewatembeza wageni nyumbani kwake. Chai ilinywewa nusu. Nilipokusanya vikombe niliona watu wote wamekaa miguu juu, kama sebule imeingia maji.

Walipoondoka baba mdogo hakupiga kelele. Alimwambia babu, kwa utulivu wake ule ule, kwamba kuanzia leo mlango wa nyumba kubwa si wake. Chakula kitaletwa uani. Akinitazama mie akaongeza, "Na wewe ndiye utakayefunga. Akiingia, mnarudi Tabora wote wawili, na huko hakuna wa kuwalisha." Akanipa ufunguo. Kila nilipoingia kufanya usafi niliufunga mlango nyuma yangu, na babu akiwa kigodani ananiangalia ninavyoufunga. Ningeona nafuu kama angenitukana.

Jumapili ikafika zamu ya jumuiya kusali kwetu. Waliingia wengi, na Biblia zao na vitabu vya nyimbo, na viatu vya vumbi la Tegeta. Nilikuwa uani nachota maji ya kunywa. Babu akaniita.

"Mke wangu."

Nilikaribia kuidondosha ndoo. Hakuwa ameniita hivyo tangu siku ya jogoo.

"Abee, babu."

"Nenda ndani kawaambie wavue viatu."

"Wote?"

"Wote. Na mama yako mdogo."

Nikaenda. Nikasimama mlangoni nikatabasamu, mie kutabasamu hakunishindi, nikasema samahani jamani, tunaomba tuvue viatu. Mama mdogo akapendezwa sana. "Ndivyo tulivyokuwa tunaishi kule," akawaambia, akavua vyake wa kwanza. Wakavua wote, viatu vikajaa barazani. Wakapanda juu ya mbao pekupeku na kwa soksi, wamesongamana mbele ya kochi, na mama mmoja mnene akafumba macho.

"Jamani, pana joto," akasema. "Kama pana mtu."

Wakaanza wimbo. Nikafunga mlango, nikarudi uani.

"Wamevua?" babu akauliza.

"Wamevua."

"Na mwenyekiti wao?"

"Naye."

Akaitikia kwa kichwa, akasikiliza kidogo wanavyoimba. Halafu akaniuliza kama miguu yao ilikuwa misafi.

"Misafi, babu," nikamwambia. "Misafi kabisa." Kulikuwa na mmoja soksi imemtoboka kidoleni, na mwingine kisigino kimepasuka kimejaa udongo mwekundu. Hao sikuwataja.